Joseph von Fraunhofer: yatima aliyetolewa chini ya kifusi, akafundisha dunia kusoma mwangaza

Tarehe 21 Julai 1801, katika mji wa Munich, kusini mwa Ujerumani, nyumba ya fundi mmoja wa vioo iliporomoka. Mke wa fundi huyo alipoteza maisha. Chini ya kifusi alibaki kijana wa miaka 14, mwanafunzi wa ufundi asiye na baba wala mama. Watu walifukua kwa muda wa saa kadhaa, hadi wakamtoa akiwa hai.

Kijana huyo aliitwa Joseph Fraunhofer. Alipofariki miaka 25 baadaye, darubini zake zilikuwa zikitafutwa na wataalamu wa nyota wa Ulaya nzima. Lakini kazi yake kubwa zaidi haikuwa darubini. Alionyesha kwamba mwangaza ukipita katika wavu wa mistari midogo sana, iliyopangwa kwa vipimo sawa, hugawanyika kuwa rangi bila kuhitaji rangi yoyote ya kupaka. Alionyesha pia kwamba mwangaza huo hubeba alama za vitu ulivyokutana navyo njiani.

Mambo hayo mawili ndiyo msingi wa maabara za leo zinazochonga silikoni ili itoe rangi na kutambua magonjwa au gesi. Ndiyo msingi pia wa vyombo vilivyowekwa kuzunguka volkano ya Nyiragongo, juu ya mji wa Goma, kupima gesi inayotoka katika mlima huo.

Mtoto wa mwisho wa fundi wa vioo

Fraunhofer alizaliwa tarehe 6 Machi 1787 katika mji mdogo wa Straubing, huko Bavaria. Alikuwa mtoto wa kumi na moja na wa mwisho katika familia ya fundi wa vioo vya madirisha. Mama yake alifariki kunako mwaka 1797, baba naye mwaka uliofuata. Akiwa na miaka 11, mtoto huyo alikuwa amebaki mikononi mwa walezi, akiwa na masomo machache sana.

Mwaka 1799 walezi walimpeleka Munich kwa fundi Philipp Weichselberger, mtengenezaji wa vioo vya kujitazama na mkataji wa vioo vya mapambo. Kwa kuwa hapakuwa na pesa za kulipia mafunzo, mkataba uliandikwa hivi: kijana angefanya kazi miaka sita bila mshahara. Muda mwingi ulipita katika kazi za nyumbani na za karakana. Fundi hakumruhusu kwenda katika shule ya siku za mapumziko, shule iliyowekwa kwa ajili ya vijana wa ufundi kama yeye. Kusoma vitabu usiku pia hakukumpendeza bwana wake.

Kwa hiyo, siku nyumba ilipoanguka, aliyefukiwa alikuwa kijana ambaye, kwa desturi za wakati ule, njia yake ilikuwa imekwisha kuchorwa: kukata vioo vya watu wengine hadi uzeeni.

Dukati 18 za mtawala

Habari ya ajali ilienea mjini haraka. Mtawala wa Bavaria, Maximilian Joseph, ambaye baadaye alikuwa mfalme, alifika mwenyewe mahali pa ajali wakati watu wakiendelea kufukua. Baada ya kijana kuokolewa, mtawala alimpa dukati 18, sarafu za dhahabu ambazo kwa mwanafunzi asiye na mshahara zilikuwa mali kubwa. Mtu mwingine aliyemjua siku hizo ni Joseph von Utzschneider, afisa wa serikali na mfanyabiashara. Huyo alimpa vitabu vya hesabu na vya elimu ya mwangaza.

Fraunhofer hakuzila pesa zile. Sehemu moja alinunua mashine ya kukata na kusugua vioo. Sehemu nyingine alimlipa bwana wake ili amwachilie miezi iliyokuwa imebaki katika mkataba. Sasa alikuwa huru, naye alijaribu biashara yake mwenyewe ya kuchonga kadi za majina. Biashara hiyo haikufaulu. Ulaya ilikuwa katika vita, wateja walikuwa wachache, na kijana huyo alilazimika kurudi kwa Weichselberger kufanya kazi kama fundi wa kawaida. Lakini vitabu hakuviacha. Usiku na siku za mapumziko aliendelea kujifunza hesabu peke yake.

Mwaka 1806 Utzschneider alimkumbuka. Pamoja na mhandisi Georg von Reichenbach na fundi wa saa Joseph Liebherr, Utzschneider alikuwa na kampuni ya kutengeneza vyombo vya kupimia ardhi. Vita vya Napoleon vilihitaji ramani, na ramani zilihitaji vyombo vyenye lenzi nzuri. Kioo kizuri cha lenzi kilikuwa kikitoka Uingereza, na biashara na Uingereza ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita. Kampuni ilihitaji mtu wa kusugua lenzi, mwenye mikono ya ufundi na kichwa cha hesabu. Fraunhofer, mwenye miaka 19, aliajiriwa.

Ndani ya monasteri ya zamani

Mwaka 1807 karakana ya lenzi ilihamishwa hadi Benediktbeuern, chini ya milima ya Alpi. Mahali hapo palikuwa na monasteri kubwa ya Wabenedikto, ambayo serikali ya Bavaria ilikuwa imeifunga mwaka 1803. Utzschneider aliinunua, na katika majengo yake ikawekwa tanuru ya kuyeyushia kioo.

Tatizo la wakati huo lilikuwa kioo chenyewe. Kioo cha lenzi kikipoa vibaya, au kikichanganywa vibaya, hubaki na michirizi ndani yake, kama sukari ambayo haijakorogwa vizuri ndani ya chai. Mtu akitazama kupitia kioo hicho, nyota moja huonekana imevurugika. Mswisi Pierre Louis Guinand alikuwa amegundua namna ya kukoroga kioo kikiwa bado uji wa moto, kwa mti wa udongo uliochomwa. Yeye ndiye alikuwa mkuu wa tanuru, na Fraunhofer alijifunza kwake. Kunako mwaka 1811 wenye kampuni walimkabidhi kijana huyo usimamizi wa tanuru. Wawili hao hawakuelewana sana, na Guinand alirudi Uswisi miaka michache baadaye.

Tangu hapo Fraunhofer alisimamia kila hatua, kutoka mchanga na tanuru hadi lenzi iliyosuguliwa na chombo kilichokamilika. Katika Ulaya ya wakati huo, mafundi walikuwa wakijaribu tu: wanasugua lenzi, wanatazama, wanasugua tena. Yeye alitaka kwanza kupima kioo, halafu kuhesabu umbo la lenzi kabla ya kuisugua.

Mistari myeusi ndani ya jua

Kupima huko ndiko kulikomfikisha kwenye ugunduzi wake wa kwanza mkubwa. Kioo hupinda mwangaza, lakini hakipindi rangi zote sawa. Buluu hupinda zaidi kuliko nyekundu. Ndiyo sababu lenzi ya kawaida huzungushia kitu ukingo wa rangi. Ili kuondoa kasoro hiyo, fundi huunganisha lenzi mbili za aina mbili za kioo, moja ikirekebisha makosa ya nyingine. Kwa hesabu hiyo, ni lazima ajue kila kioo kinapinda kila rangi kwa kiasi gani.

Lakini rangi za upinde wa mvua hazina mipaka. Nyekundu huingia katika manjano polepole, na manjano katika kijani. Fundi angewezaje kusema amepima kijani, ikiwa hajui kijani chake kinaanzia wapi? Fraunhofer alihitaji alama za kudumu ndani ya upinde huo.

Mwaka 1814 aliingiza mwangaza wa jua katika chumba chenye giza kupitia ufa mwembamba wa dirisha. Aliupitisha katika prisma, kipande cha kioo chenye pembe tatu, kisha akautazama kwa darubini ya kupimia ardhi. Aliona upinde wa rangi uliokatwakatwa na mistari myeusi mingi sana, mingine minene na mingine myembamba kama uzi wa buibui. Mwingereza William Wollaston alikuwa ameona michache ya mistari hiyo mwaka 1802, lakini hakuifuatilia. Fraunhofer aliihesabu na kuichora mmoja mmoja, zaidi ya 570. Iliyo mikubwa aliipa herufi za alfabeti, kuanzia A upande wa nyekundu hadi H upande wa zambarau.

Hakuishia kwenye jua. Alielekeza vyombo vyake kwenye sayari ya Zuhura na kuona mistari ileile ya jua, kwa kuwa Zuhura huangaza kwa mwangaza wa jua unaorudi. Alipotazama nyota Sirius aliona mistari ya aina nyingine. Kwa hiyo mistari haikuwa kasoro ya kioo chake, wala haikutoka yote katika hewa ya dunia. Ilitoka kwenye nyota zenyewe.

Aligundua pia kwamba mwangaza wa taa unaonyesha mistari miwili ya manjano yenye kung'aa, mahali palepale ambapo jua lina mistari miwili myeusi aliyoiita D. Hakueleza sababu. Jibu lilikuja mwaka 1859, zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake, kutoka kwa Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen wa Heidelberg. Ni sodiamu, iliyomo katika chumvi ya jikoni. Mtu yeyote aliyemwaga chumvi kwenye moto ameona rangi hiyo ya manjano. Kila elementi ina mistari yake, kama vile kila mtu ana alama zake za vidole. Tangu hapo, binadamu aliweza kujua nyota imetengenezwa kwa nini bila kutoka duniani.

Wavu wa nyaya 260

Ugunduzi wa pili unahusu namna ya kuzalisha rangi, na ndio unaomfanya Fraunhofer awe karibu zaidi na maabara za leo. Prisma hugawanya rangi kwa sababu ya asili ya kioo, na kila kioo kina tabia yake. Fraunhofer alitaka kipimo ambacho hakitegemei kioo.

Mwaka 1821 alitengeneza wavu wa nyaya nyembamba 260, zilizonyooshwa sambamba juu ya skrubu mbili zenye meno madogo sana. Meno ya skrubu ndiyo yaliyohakikisha kwamba nafasi kati ya waya na waya ni sawa kila mahali. Mmarekani David Rittenhouse alikuwa ametengeneza wavu wa nywele kwa njia kama hiyo katika miaka ya 1780, lakini kazi yake haikuwa imeendelezwa. Mwangaza ulipopita katika nyaya za Fraunhofer, upande wa pili ulitokea upinde wa rangi, tena si mmoja bali kadhaa, kulia na kushoto. Ndani yake aliona ile mistari myeusi ya jua.

Nyaya hazikuwa na rangi, wala hewa iliyo kati yake. Rangi ilitoka wapi? Mwangaza husafiri kama mawimbi. Mtu akitupa mawe mawili katika Ziwa Kivu likiwa limetulia, mawimbi ya mawe hayo hukutana. Mahali pengine wimbi hupanda juu ya wimbi na kuwa kubwa, pengine wimbi moja hufuta lingine na maji hutulia. Mwangaza unaotoka katika nafasi 260 hufanya vivyo hivyo. Upande fulani mawimbi ya nyekundu hukubaliana na kuangaza, huku ya rangi nyingine yakifutana. Pembeni kidogo, zamu inakuwa ya manjano, kisha kijani, kisha buluu. Nafasi kati ya nyaya ndiyo inayoamua kila rangi itaonekana wapi.

Kwa kuwa alijua nafasi hiyo na alipima pembe, Fraunhofer aliweza kukokotoa urefu wa wimbi la kila mstari. Kwa mistari ya D alipata kipimo kilicho karibu sana na kinachokubalika leo, yaani takriban nanometa 589. Nanometa moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Kijana aliyekatazwa kwenda shule alikuwa amepima kitu kidogo kiasi hicho kwa nyaya na skrubu.

Baadaye aliacha nyaya, akaanza kuchora mistari juu ya kioo kwa ncha ya almasi, kwa mashine aliyoibuni mwenyewe. Alifikia mistari takriban 300 katika milimita moja. Ili kuelewa ufundi huo, chukua CD ya muziki na uigeuze upande unaong'aa. Rangi zinazocheza juu yake hazikupakwa. Zinatoka kwenye mistari midogo iliyo ndani yake, ambayo nafasi zake ni nanometa 1,600. Mistari ya Fraunhofer, iliyochorwa karne moja na nusu kabla ya CD kuwepo, ilikuwa na nafasi zinazozidi hizo mara mbili tu.

Akademia yasitasita kumfungulia mlango

Pamoja na yote hayo, wasomi wa Munich hawakukubaliana juu yake. Mwaka 1817, jina lake lilipopendekezwa katika Akademia ya Sayansi ya Bavaria, baadhi ya wanachama walipinga. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu huyo hakusoma sekondari wala chuo kikuu, na kwamba kutengeneza vyombo ni kazi ya fundi, si sayansi. Alipokelewa kwa daraja la chini la mwanachama mwandishi. Ilimbidi angoje hadi mwaka 1821 ili apandishwe daraja na kuhudhuria mikutano.

Heshima nyingine zilifuata kwa haraka. Mwaka 1822 Chuo Kikuu cha Erlangen kilimpa shahada ya udaktari ya heshima. Mwaka 1823 alipewa usimamizi wa vyombo vya fizikia vya akademia, na cheo cha profesa. Mwaka 1824 mfalme, yule yule aliyefika kwenye kifusi, alimpa nishani iliyomwingiza katika tabaka la makabaila. Tangu siku hiyo ndipo jina lake likawa Joseph von Fraunhofer.

Mwaka huohuo darubini yake kubwa ilifika Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, nchini Estonia. Lenzi yake ilikuwa na upana wa sentimita 24, kubwa kuliko lenzi za darubini zote za aina yake wakati huo. Mashine kama ya saa iliizungusha polepole ili ifuate nyota. Kwa chombo hicho, Wilhelm Struve aliorodhesha zaidi ya nyota pacha 3,000.

Kifo katika miaka 39

Mwaka 1825 Fraunhofer aliugua. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu, na wakati huo haukuwa na dawa. Alifariki mjini Munich tarehe 7 Juni 1826, akiwa na umri wa miaka 39. Hakuwa ameoa. Alizikwa karibu na Reichenbach, mwenzake wa kampuni, ambaye alikuwa amefariki wiki chache tu kabla yake. Juu ya kaburi liliandikwa kwa Kilatini neno linalosema kwamba aliziletea nyota karibu.

Vyombo vyake viliendelea kufanya kazi bila yeye. Mwaka 1838 Friedrich Bessel, akitumia chombo kilichobuniwa na Fraunhofer, alitangaza umbali wa nyota iitwayo 61 Cygni, kipimo cha kwanza cha kuaminika cha umbali wa nyota. Mwaka 1846 sayari ya Neptuni ilionekana Berlin kwa darubini ya karakana yake.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakulichapisha: namna ya kupika kioo chake. Aliandika waziwazi juu ya mistari ya jua na juu ya nyavu zake, kwa sababu hizo zilikuwa sayansi. Kioo kilikuwa mkate wa kampuni. Huko Uingereza, Michael Faraday, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa karne hiyo, alitumia miaka kadhaa ya muongo wa 1820 akijaribu kutengeneza kioo cha lenzi kinachoweza kushindana na cha Bavaria. Hakufaulu kuirudisha nchi yake mbele katika biashara hiyo.

Kutoka nyaya hadi silikoni

Mchanga unaoyeyushwa kuwa kioo una silikoni ndani yake. Ikitenganishwa na oksijeni na kusafishwa, silikoni huwa kitu kigumu cha kijivu kinachong'aa, na ndiyo hutengenezewa vichipu vya simu na kompyuta. Mashine zinazochora vichipu hivyo zinaweza kuchonga vitu vidogo kuliko urefu wa wimbi la mwangaza. Hapo ndipo kazi ya Fraunhofer inapoendelezwa.

Watafiti huchonga juu ya silikoni vinguzo vidogo, vingine vyenye upana wa nanometa 100 hivi. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene mamia ya mara kuliko kinguzo kimoja. Silikoni hupunguza sana mwendo wa mwangaza unaopita ndani yake, na kwa sababu hiyo kinguzo huweza kunasa rangi moja na kuichezesha ndani yake, kama vile ngoma ya ukubwa fulani inavyotoa sauti yake. Ngoma ndogo hutoa sauti nyembamba, kubwa hutoa sauti nzito. Vivyo hivyo kinguzo chembamba hurudisha rangi ya upande wa buluu, na kinene zaidi hurudisha rangi ya upande wa nyekundu. Silikoni ni ileile, kilichobadilika ni kipimo tu. Rangi ya namna hii haipauki juani kama kitambaa, kwa kuwa hakuna dawa ya rangi ya kuharibika.

Umuhimu wake unaonekana zaidi katika kutambua vitu. Rangi ya kinguzo hutegemea pia kitu kinachokigusa. Tuseme uso wa silikoni umepakwa kinasio kinachoshika protini ya ugonjwa fulani. Damu yenye protini hiyo ikipita, protini zitanata, mwangaza utachelewa kidogo zaidi, na rangi itasogea nanometa chache upande wa nyekundu. Jicho haliwezi kuona tofauti ndogo hiyo, lakini chombo kinaweza. Silikoni yenye matundu madogo sana nayo hubadilika rangi mvuke unapoingia ndani ya matundu hayo, na hivyo huweza kutumika kama kitambuzi cha gesi. Katika hali zote hizo kazi ni ileile ya Benediktbeuern: kuupitisha mwangaza, kutazama rangi gani imesogea au imepungua, na kutoka hapo kujua umekutana na nini.

Juu ya mji wa Goma

Kwa wakaaji wa Kivu ya Kaskazini, sayansi hiyo haiko mbali. Wakaaji wa Goma wanakumbuka tarehe 17 Januari 2002, siku lava ya Nyiragongo ilipokata mji katikati, na tarehe 22 Mei 2021, ilipotoka tena. Mlima huo hutoa gesi ya dioksidi ya salfa, na kiasi cha gesi hiyo ni moja ya alama ambazo wataalamu hufuatilia, pamoja na matetemeko ya ardhi.

Katika muongo wa 2000, Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kiliingia katika mradi wa kimataifa uitwao NOVAC, uliopima gesi za volkano katika nchi mbalimbali. Vyombo vyake havipandi hadi kwenye kreta. Vinakaa mbali na mlima na kutazama anga. Mwangaza wa jua ukipita katika moshi wa volkano, dioksidi ya salfa hunyonya sehemu ya miali ambayo macho hayaioni, iliyo ng'ambo ya zambarau. Ndani ya chombo kuna wavu wa mistari midogo, mjukuu wa ule wa nyaya 260, unaotandaza mwangaza huo. Kisha kipande cha silikoni hupokea mwangaza na kuhesabu umepungua kiasi gani.

Kabla ya kuhesabu gesi, kompyuta lazima itofautishe kivuli cha mlima na kivuli cha jua lenyewe, kwa kuwa mwangaza wa jua hufika duniani ukiwa tayari na mistari yake myeusi. Mistari hiyo hutumika pia kuhakikisha kwamba chombo kinasoma mahali sahihi. Ni kazi ileile ambayo Fraunhofer aliifanya alipotafuta alama za kudumu ndani ya upinde wa rangi.

Vyombo hivyo havitaji siku ya mlipuko, na mwaka 2021 lava ilitoka bila dalili za wazi za mapema. Lakini vinasema mlima unapumua kiasi gani, tena bila mtu kuhatarisha maisha yake kreteni.

Huko Ujerumani, shirika kubwa la utafiti lililoundwa mwaka 1949 lilichukua jina la Fraunhofer, na leo lina taasisi zaidi ya 70. Katika moja ya taasisi hizo ndipo ilipotengenezwa MP3, namna ya kuhifadhi muziki ambayo vijana wengi wanaijua kwenye simu zao. Na katika maabara za dunia, mistari miwili ya sodiamu bado inaitwa D, herufi aliyoiandika yeye mwenyewe pembeni ya mchoro wake.